Aliitika, Nikaandika Hakuonekana

Nimestaafu mwezi uliopita, na nyinyi wenzangu wa dirishani mmenipa zawadi ya saa ya ukutani, kama kwamba sasa ndipo nitakapohitaji kujua saa. Nashukuru. Siku ya kuagana Masoud aliniomba niandike machache kuhusu kazi, yawafae walioajiriwa juzi. Vyeo sitavitaja, maana sijaona cheo kilichomponya mtu. Nitaanza nilikoanzia, kisha nitafika Chwaka, kwa sababu bila ya Chwaka haya mengine yote ni porojo.

Nilianza masjala ya hospitali, hapa mjini, chumba cha chini chenye dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani. Mkuu wa masjala alikuwa Mzee Haroub, mtu mwembamba wa kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya viua, asiyependa maneno mengi. Siku ya kwanza alinipa rula, penseli na kitambaa cha vumbi. Rula na penseli nilizipokea vizuri. Kitambaa nilikiona cha kunidhalilisha, maana nilikuwa nimetoka skuli na cheti changu, na sikujua kwamba mafaili ya Mji Mkongwe hula chumvi ya ukuta mpaka yakashikana kurasa. Kwa wiki mbili nilifuta mafaili tu. Wiki ya tatu nilikuwa naweza kumpata mgonjwa gizani, umeme ukikatika, kwa kupapasa rafu.

Wiki hiyohiyo alinituma ukumbini nikamwite mzee mmoja wa Bububu aliyekuwa na miadi na daktari wa macho. Nilisimama mlangoni, nikaita jina, hakuna aliyenyanyuka. Nikarudi, nikaandika kwenye kadi: hayupo. Mzee Haroub aliisoma ile kadi, akavaa viatu vyake, akatoka. Alirudi kamshika mkono yule mzee, ambaye alikuwa amekaa nyuma ya mlango uleule niliosimama mimi. Masikio yake yalikuwa hayana kazi tena.

"Umemwita mara ngapi?" akaniuliza.

"Mara moja."

"Mwite mara tatu. Kisha nyanyuka ukamtafute. Ukimkosa, hapo tena ndo uandike."

Kadi ile akaichana mbele yangu. Miaka yote ya masjala niliifuata kanuni hiyo, na niliwafundisha wengine kwa mdomo mkali kuliko wake. Nataka mlikumbuke hilo mkifika mbele.

Serikali ilipoanzisha kadi ya bima ya afya kwa wazee na kwa watu wenye ulemavu, nilihamishiwa ofisi ya kusajili. Wengi mnadhani kazi yetu ni kusajili. Kusajili ni dakika kumi. Kazi yenyewe ni kueleza, na wa kuelezwa ni mtu aliyeishi umri wake wote bila kadi, akaugua bila kadi, akazaa bila kadi, na leo unamwambia asipokuwa nayo atapata tabu.

Mzee mmoja alinikazia macho dirishani. "Mwanangu, mie mzima. N'shike kadi ya ugonjwa, si ndo nnauita?"

"Mzee, mwamvuli si unaununua jua likiwaka?"

"Mwamvuli nliletewa zawadi."

"Basi na hii zawadi."

Akaichukua. Mwengine, bibi wa Mangapwani, alifika hospitali mara mbili mikono mitupu, nikamuuliza kadi iko wapi. Akaniambia kaihifadhi vizuri, ndani ya sanduku, pamoja na sanda yake. Nikamwambia, "Bi, hii ni ya kabla ya hiyo." Alicheka mpaka akakohoa, na siku ya pili kadi ilikuja imefungwa kwenye pindo la kanga. Kwa hivyo msimpe mtu kadi mkaridhika. Muulizeni ataiweka wapi, nani atamchukulia dawa akishindwa kutoka, na akikataliwa mahali arudi kwa nani. Wazee wetu wakikataliwa hawagombi. Huondoka kwa heshima zao wakaenda kufa nyumbani.

Na ile ofisi yetu ya zamani mliisikia. Ofisi ya watu wenye ulemavu ilikuwa na ngazi saba. Aliyepanga hakuona kichekesho. Basi mtu akifika na gongo au kigari cha kusukuma, huita kutoka chini, nami hushuka na makaratasi yangu nikamwandikia palepale kwenye ngazi ya mwisho. Magoti yangu ya leo yalianzia pale.

Kisha vikaja vishikwambi na ile mashine ndogo ya kusoma vidole. Nilisema macho yangu hayawezi, na kazi hiyo nikamwachia Masoud, fundi wetu, mtu mzima, baba wa watoto watatu, mpole wa kutosha kufanya kazi na mimi. Ukweli ni kwamba macho yalikuwa hayana kosa. Niliona haya kuwa mwanafunzi tena katika umri ule, mbele ya watu niliowafundisha kushika rula. Kiburi hicho kilimgharimu mtu mwengine, si mimi.

Sasa Chwaka. Tulitumwa mashamba kwa uhakiki. Nyinyi mnaujua, lakini naandika kwa asiyejua: kila mwenye kadi lazima aonekane na ofisa kwa macho, apigwe picha, aweke kidole kwenye mashine, ili kadi isije ikatumiwa na mwengine mwenyewe keshakufa. Wakati ule fomu ilikuwa na majibu mawili tu, ameonekana na hakuonekana. Aliyeandikwa hakuonekana, baada ya miezi mitatu kadi yake hujifunga. Hakuna mtu anayeifunga, wala hakuna wa kumlaumu.

Siku ile tuliwaona watu wengi skulini, na mchana tukawafuata majumbani wasiojiweza. Kwa Bi Mize tulifika wa mwisho. Alikuwa mkulima wa mwani, mgonjwa wa sukari wa miaka, anaishi kwa sindano. Jirani akatwambia mumewe, Makame, kafariki wiki tatu nyuma, na Bi Mize yumo ndani, kakaa eda.

Nilisimama barazani kwake, nikaita, "Hodi! Bi Mize!"

"Naam," akaitika kutoka ndani, kwa sauti ya chini.

Masoud alikuwa tayari kageuza uso upande wa barabara, kama ilivyo adabu ya mwanamme kwenye nyumba ya mjane. Mashine ilikuwa mkononi mwake, na mimi siijui. Akaniuliza pole pole, "Tunaandikaje, Bi Zuwena?"

Nilifikiri kidogo tu. Niliona si uungwana kumwingilia mjane chumbani na kumpiga picha, kilio hakijapoa. Nikasema atatoka eda, nitarudi mwenyewe. "Andika hakuonekana," nikamwambia, naye akaandika, nikatia saini. Njia nzima ya kurudi nilijiona mtu niliyefunzwa nikafunzika.

Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi. Mashine inasubiri miezi mitatu. Unguja nzima inaijua hesabu ya kwanza, na ofisi nzima inaijua ya pili. Mimi nilikuwa nazijua zote mbili, na sikuziweka pamoja.

Ilikuwa Alkhamisi, saa nne asubuhi, alipokuja dirishani mwanamke mmoja kashika kadi kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Karibu."

"Mie Raya, mkaza mwana wake Bi Mize wa Chwaka, nimeolewa na mwanawe. Nnakuja kuuliza. Dukani kwa dawa wananambia kwenye mtandao huyu mtu hayupo."

Lile jina nilikuwa nimelitilia saini. Nikamuuliza tangu lini. Akasema inakaribia wiki mbili. Aliambiwa mgonjwa aje mwenyewe, naye akarudi nyumbani akasubiri eda iishe, kwani mjane atatolewaje? Sindano zilizobaki wakazigawa nusu nusu, kisha robo. Halafu akanambia habari ya mguu. Bi Mize alichomwa na kijiti cha mwani zamani, kidonda kikapona, kikafunguka tena, na juzi dole gumba limekuwa jeusi.

"Hospitali hamkumpeleka?"

"Hataki kutoka. Anasema zimebaki siku saba."

Nikanyanyuka. Nilimwambia mkuu wangu kosa ni langu na nahitaji gari. Akanijibu nikimletea ushahidi wa picha na kidole kabla ya saa tisa na nusu ataifungua kadi siku ileile. Baada ya hapo ni Ijumaa ya nusu siku, kisha mwisho wa wiki, na ruhusa ya kufungua ilikuwa kwake peke yake. Hakufoka, na nilitamani angefoka. Masoud akabeba mashine, Raya akakaa nyuma, tukaondoka.

Nyumba ilikuwa na harufu. Sitaieleza, mtakuja kuijua wenyewe kazini. Bi Mize alikuwa juu ya godoro chini, nguo nyeupe, uso umekauka, mguu umefunikwa kipande cha kanga. Nilimsalimia, akanijibu vizuri. Nikauomba mguu. Weusi ulikuwa umeshapita dole gumba, umeshika nusu ya wayo.

"Bi Mize, hospitali leo. Gari lipo mlangoni."

"Leo sitoki, mwanangu. N'shakaa miezi minne, siku saba zitanshinda?"

"Dini inaruhusu kutoka kwa ugonjwa. Unajua."

"Najua imeruhusu. Mie sijaruhusu. Nimeishi na Makame umri wangu, siku zake sizipunguzi."

Raya akaanza kulia. Mimi nilikaa chini, nikasema nilichokuja nacho. "Bi Mize, mimi ndiye nliyekuandika hukuonekana. Nlikuwa hapo barazani kwako."

"Nliijua sauti yako tangu ulivyopiga hodi leo," akasema. "Siku ile uliniita, nikaitika."

"Nlikusikia."

"Ulinsikia?"

"Nlikusikia, Bi."

Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma, nilitaka anitukane. "Raya kaja kanambia dukani wanasema mie sipo," akasema. "Nikasema hewallah. Makame kaniita, na serikali nayo imeshaandika. Nani tena wa kubishana?"

Nikafahamu kwamba kilichomkalisha pale hakikuwa eda peke yake. Mwanamke yule alikuwa ameletewa habari ya kifo chake akaipokea, kwa sababu ilitoka ofisini, na ofisini ilitoka mkononi mwangu. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa katika kazi ile. Nikatazama saa. Saa saba na robo.

"Basi nipe ruhusa ya picha tu," nikamwambia. "Humu humu ndani. Mimi, si mwanamme."

Akafikiri, akatikisa kichwa kukubali. Nikatoka nikampokonya Masoud mashine. Akaniuliza kama naijua, nikamjibu siijui. Basi akakaa barazani, mgongo kwenye dirisha, uso barabarani, akawa ananipigia kelele kwa kupitia shubaka.

"Bonyeza kitufe cha upande, Bi Zuwena! Ushikilie!"

"Kimezima!"

"Umekizima wewe! Bonyeza tena, usiwache mpaka kiwake!"

Mara ya tatu kikawaka. Nikatafuta jina, nikalipata, na mbele yake neno langu kwa herufi nyekundu. Picha ya kwanza nilipiga dari. Ya pili nilipiga kidole changu. Ya tatu ikampata. Bi Mize alikaa wima kwa tabu, akakaza ushungi wake, akatazama mbele.

Kisha vidole. Dole gumba la kulia, mashine ikakataa. Cha shahada, ikakataa. Tukafika vinane, vyote hapana. Miaka ya kufunga mwani kwenye kamba, ndani ya maji ya chumvi, ilikuwa imesugua ncha zote zikawa laini mithili ya sahani.

"Havisomi, Masoud! Kuna nini kwengine?"

"Kuna sehemu ya asiye na vidole! Lakini utie saini kwamba hana!"

"Anavyo kumi!"

Bi Mize akainua mikono yake akaitazama. "Andika sina," akasema. "Vishaliwa na mwani."

Saa nane kasoro kumi. Naungama kwenu, nilikifungua kile kifungu, na kalamu ilikuwa juu ya kioo. Ningetia saini ya uongo kwa mara ya pili katika nyumba ileile. Ndipo Masoud akapiga kelele kwamba vidole vikavu havishiki, viloweshwe maji ya vuguvugu na vifutwe kidogo. Raya akakimbilia jikoni. Tukaviloweka kwenye bakuli, nikavifuta kwa upindo wa buibui langu, tukaanza upya. Kimoja, vitano, tisa, hapana. Kikabaki kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kile ambacho mfunga mwani hana kazi nacho. Nikakiweka, nikakibana kwa kidole changu, nikasema Bismillahi kwa sauti. Mashine ikalia.

Tulituma. Tukangoja mtandao wa Chwaka, ambao una tabia zake, Masoud kapanda juu ya baraza kashika simu hewani. Saa nane na nusu mkuu akapiga akasema imefunguka. Nikamgeuzia Bi Mize kioo, kwa sababu niliona ana haki. Ilikuwa sura yake, ushungi mweupe, na chini yake maandishi ya kijani: ameonekana, yu hai.

Akaisoma pole pole kwa kutembeza midomo. Akaisoma tena.

"Kumbe nipo," akasema.

Kisha akamgeukia mkaza mwana wake. "Raya, nipe buibui. Siku saba Makame atanisamehe."

Masoud aliligeuza gari kinyumenyume mpaka kizingitini, akaenda kusimama mbali, tukamtoa kwa shuka. Hospitali walimpokea jioni ileile. Walimkata mguu chini ya goti. Daktari alinambia, bila kujua anaongea na nani, kwamba angeletwa siku kumi na mbili kabla pengine lingekatwa dole gumba peke yake. Nilimwitikia ndiyo, nikaenda kukaa kwenye ngazi za nje, nikalia kama nisivyolia msiba wa mama yangu. Baadaye nikaenda kwa Mzee Haroub, ambaye alikuwa ameshakuwa mzee wa kitandani, nikamsimulia yote. Aliniuliza swali moja tu: "Ulimwita mara ngapi?"

Nilijifunza mashine wiki iliyofuata, na nimewasumbua wanawake wote wa ofisi mpaka wameijua. Lile jibu la tatu mnaloliona kwenye kishikwambi, "afuatwe ndani", liliingizwa baada ya barua zangu nyingi, na nasikia mmoja wenu huliona linachelewesha kazi. Huyo aje nyumbani kwangu, nina saa mpya ya ukutani, tutaitazama pamoja.

Bi Mize alirudi Chwaka akazimaliza siku zake saba. Mimi sikwenda kumuona. Kila wiki nilisema wiki ijayo. Kisha siku moja, nikiwa nafungua dirisha, nikasikia jina langu linaitwa kutoka chini ya zile ngazi saba. Liliitwa mara moja tu, kwa sauti ya chini, nami nikaitika naam na nikawa nimeshafika ngazi ya nne kabla sijajua nimenyanyuka. Alikuwa amesimama kwa magongo mawili, Raya nyuma yake, guo jeusi limekunjwa na kubanwa pini pale mguu ulipoishia. Yalikuwa matembezi yake ya kwanza tangu atoke eda. Alikuja kusajiliwa upya, kwa kuwa kadi yake ilikuwa ya uzee na sasa ilibidi iandikwe na ulemavu.

Nikaanza kumuomba radhi. Akanikatiza.

"Ulinsikia nlivokuita?"

"Nlikusikia, Bi."

"Haya," akasema, akajishusha kwenye ngazi ya chini, akaweka magongo pembeni. "Basi niandike."